Kabla ya Kuziba Ufa, Uliza Umetoka Wapi



Mvua za masika zikiisha, sisi tunaotembelea watu nyumbani kwao huanza kusikia malalamiko ya aina moja. Plasta imebambuka. Ukuta umepasuka kutoka dirishani hadi chini. Dari imefanya alama ya kahawia kama ramani. Mwenye nyumba anasimama hapo, mikono kiunoni, na swali lake la kwanza ni hili: "Nitahitaji mifuko mingapi ya simiti?"

Katika toleo hili tunataka kuzungumzia jinsi ya kurekebisha plasta ya kuta na dari. Lakini hatutaanza na mifuko. Tutaanza na swali lingine: maji yameingilia wapi? Tumeona familia nyingi zikitumia pesa mara mbili, hata mara tatu, kwa ukuta ule ule, kwa sababu waliziba palipoharibika na kuacha kile kilichoharibu.

NYUMBA MBILI ZA JIRANI

Kuna mama mmoja katika eneo letu, mjane anayelea watoto 3. Nyumba yake ni ya miti na udongo, na juu ni mabati. Zamu yake ya chama ilipofika mwezi wa Desemba, alichukua pesa zote akanunua mifuko 5 ya simiti na mchanga, akamwita fundi. Ukuta wa mbele ukapigwa plasta nje na ndani, pamoja na ubavu mmoja. Nyumba ikapendeza. Watoto wakasema sasa wana nyumba ya mawe.

Mwezi wa Mei, usiku wa mvua, kipande cha plasta chenye ukubwa wa meza kilianguka ndani, kando ya kitanda cha mtoto wa mwisho. Mtoto hakuumia, Mungu ashukuriwe, lakini tangu hapo hawakulala tena katika chumba kile.

Tulipofika, mama alikuwa na hakika kwamba fundi aliiba simiti na kuchanganya mchanga mtupu. Majirani walikuwa wanasema hivyo hivyo, na hata sisi tulikubali haraka. Ilibaki kidogo tu fundi aitwe kwa chifu. Lakini tulipookota kile kipande na kujaribu kukivunja, kilikuwa kigumu kama sahani. Simiti ilikuwemo ya kutosha. Nyuma yake ndiko kulikuwa na habari: udongo wa ukuta ulikuwa umelowa, unanata kwenye kidole.

Mita chache kutoka hapo anaishi nyanya mmoja katika nyumba ya udongo iliyojengwa mwaka 1978. Haina hata kijiko cha simiti. Kuta zake ni laini, huwezi kupata ufa wa kuingiza ukucha. Tukamwuliza, "Nyanya, siri yako ni nini?"

Akacheka. "Siri gani, mwanangu? Angalia juu, halafu angalia chini."

Juu, paa lake limetokeza nje ya ukuta karibu hatua nzima. Chini, kuna mtaro unaopeleka maji kwenye migomba. Na kila mwezi wa Agosti yeye na wajukuu wake husiriba kuta upya. Sisi tulio na vyeti tulikaa kwenye kigoda tukasikiliza.

KWA NINI SIMITI ILIANGUKA

Ukuta wa udongo hupumua. Hunyonya unyevu kidogo wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Ukinyonya, huvimba kidogo. Ukikauka, hunywea. Plasta ya simiti haifanyi hivyo. Ni ngumu, haipindi. Kwa hiyo ukuta ukisogea, plasta hubaki mahali pake, na hapo nyufa ndogo hutokea. Maji ya mvua huingia kupitia zile nyufa, lakini hayapati njia rahisi ya kutoka. Udongo ulio nyuma hulainika polepole bila mtu kuona, hadi siku plasta inapokosa kitu cha kushikilia.

Kwa hiyo fundi yule hakuwa mwizi. Alifanya kazi nzuri juu ya ukuta usiofaa kwa kazi hiyo. Kuna kanuni moja ambayo mafundi wazuri huifuata, nayo ni hii: tabaka la juu lisiwe gumu kuliko lile lililo chini yake. Udongo juu ya udongo. Chokaa juu ya mawe laini. Simiti juu ya mawe magumu, bloku na matofali yaliyochomwa vizuri. Ukikumbuka hilo tu kutoka ukurasa huu, utakuwa umeokoa pesa.

KUUSOMA UKUTA

Tuna methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini si kila ufa unazibwa kwa njia moja. Kabla ya kuchukua mwiko, chukua penseli na uzunguke nyumba, ndani na nje.

Nyufa nyembamba kama nywele, zinazokwenda huku na huku kama wavu, kwa kawaida ni za plasta peke yake. Huenda ilikauka haraka juani, au simiti ilizidi. Hizo si za kuogopesha.

Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya mlango au dirisha unaonyesha kwamba uzito wa juu haukubebwa vizuri, au upande mmoja wa msingi umeshuka. Hii huonekana sana penye ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kama ulioko uwanda wa Kano na sehemu kadhaa za Nairobi. Mti mkubwa wa mkaratusi ulio karibu na ukuta nao hunyonya maji ya ardhini na kufanya udongo wa aina hiyo unywee.

Unyevu unaoanzia sakafuni na kupanda hadi futi 2 au 3, huku ukiacha chumvi nyeupe na rangi iliyochubuka, ni maji ya ardhini. Hupanda ukutani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Nyumba hiyo haikuwekewa ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, au udongo wa nje umerundikana hadi ukaipita.

Unyevu unaotoka juu kushuka chini ni paa, gata au bomba.

Halafu gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Plasta iliyoshika hutoa sauti nzito. Iliyoachana na ukuta hulia kama debe tupu. Chora mstari wa penseli kuzunguka sehemu inayolia utupu. Mara nyingi huwa kubwa kuliko ile unayoiona kwa macho.

Kwa ufa unaotia shaka, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Subiri msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi. Ufa ukibaki ndani ya alama, umetulia, unaweza kuuziba. Ukipita alama, ukuta bado unatembea, na hakuna plasta itakayousimamisha.

KWANZA ZUIA MAJI

Kazi hii haionekani, kwa hiyo watu huiruka. Lakini ndiyo nusu ya kazi yote.

- Panda ukague paa. Ingia ndani mchana, funga milango, tazama juu. Tundu la msumari litaonekana kama nyota.
- Hakikisha paa limetokeza angalau futi 2 nje ya ukuta, hasa kwa nyumba ya udongo. Kama ni fupi, bati moja au mawili ya kuongeza ni bei nafuu kuliko plasta ya kila mwaka.
- Safisha gata. Gata iliyoziba kwa majani humwaga maji ukutani vibaya kuliko kukosa gata kabisa.
- Ondoa udongo uliorundikana. Ardhi ya nje iwe chini ya sakafu kwa angalau sentimita 15, na iteremke kwenda mbali na nyumba.
- Angalia mahali pa kuogea, pa kufulia na penye tanki. Maji ya kila siku huharibu kuliko mvua ya msimu.

Baada ya hapo ngoja ukuta ukauke. Ukuta uliolowa kwa miezi hauwezi kukauka kwa siku mbili. Ndiyo maana kazi hii ni nzuri kuanza mvua zikiisha, si zikikaribia.

NYUMBA YA UDONGO

Wengi wetu tulilelewa katika nyumba za udongo, na tusizidharau. Iliyotunzwa vizuri ina joto usiku na ubaridi mchana. Lakini nyufa zake zisiachwe, kwa sababu humo ndimo kunguni hujificha, na papasi pia, wale wanaoleta homa ya papasi. Sakafu yenye vumbi ni makao ya funza. Kwa hiyo kusiriba si mapambo. Ni afya.

Udongo unaofaa si mfinyanzi mtupu wala mchanga mtupu. Fanya jaribio hili. Jaza udongo nusu ya chupa, ongeza maji, tikisa sana, kisha uache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, na udongo laini wa mfinyanzi utakaa juu kabisa. Hapo utaona ulicho nacho.

Jaribio la pili ni zuri zaidi. Changanya udongo na mchanga kwa njia tatu: kipimo 1 kwa 1, 1 kwa 2, na 1 kwa 3. Paka kila mchanganyiko ukutani, mraba wa sentimita 30. Ngoja siku 4. Ule uliopasuka una mfinyanzi mwingi. Ule unaopukutika ukiusugua kwa kiganja una mchanga mwingi. Uliobaki mzima ndio wako.

Sasa kazi yenyewe:

1. Bandua kila kinacholia utupu. Usionee huruma plasta iliyoachana.
2. Tazama miti na fito. Gonga. Zilizoliwa na mchwa zibadilishwe sasa, kabla ya kuzifunika.
3. Fagia vumbi lote, kwaruza ukuta uwe na mikwaruzo, kisha unyunyizie maji. Udongo mbichi haushiki juu ya vumbi wala juu ya ukuta mkavu.
4. Kanda udongo na nyasi kavu zilizokatwa fupi kama urefu wa kidole. Uache umelowa siku 3 au zaidi, ukiukanyaga kila siku. Nyasi hushikanisha udongo usipasuke.
5. Kandika kwa kuurusha kwa nguvu na kuusukuma ndani. Mashimo makubwa yajazwe kwa awamu, si kwa mara moja. Kwaruza tabaka hili likiwa bado bichi.
6. Likikauka, lowesha kidogo na upake tabaka la mwisho jembamba: udongo uliochekechwa, mchanga kwa kipimo ulichopata, na samadi mbichi ya ng'ombe. Nyuzi za nyasi zilizomo ndani ya samadi hupunguza kupasuka. Sugua kwa kiganja au kwa jiwe laini.

Angalizo moja: samadi inaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Mwenye kidonda mkononi avae glavu au afanye kazi nyingine, na wote wanawe kwa sabuni.

Sehemu ya chini ya ukuta wa nje ndiyo hupigwa na matone yanayoruka kutoka ardhini. Hapo unaweza kupanga mawe kando ya ukuta, au kumwaga kokoto chini ya michirizi ya paa ili maji yasiruke na matope.

NYUMBA YA MAWE, BLOKU AU MATOFALI

Hapa simiti ina nafasi yake. Kwa kiraka cha ndani, changanya simiti kipimo 1 kwa mchanga 5 au 6. Kwa nje, 1 kwa 4 au 5. Tumia karai au ndoo ile ile kupimia, si kukisia kwa sepetu. Mfuko wa kilo 50 ukitumika kwa kipimo cha 1 kwa 5 hutosha karibu mita 8 hadi 10 za mraba, kwa unene wa sentimita 1.5. Kwa hesabu hiyo utajua mapema mifuko unayohitaji, na pia utajua kama mfuko umepotea.

Mchanga uwe wa mto, umechekechwa. Usichukue wa pwani ya bahari. Chumvi yake itatoka ukutani miaka nenda, miaka rudi. Kama mchanga ukiusugua mkononi unaacha tope, uoshe.

Bandua sehemu mbovu hadi ufike kwenye plasta inayoshika. Kata kingo zake kwa patasi ziwe zimenyooka, na kwa ndani pawe papana kidogo kuliko nje, ili kiraka kishikwe kama jino kwenye ufizi. Hata ufa ufunguliwe hivyo kabla ya kujazwa. Ukiupaka juu juu, utarudi.

Sugua kwa brashi ya waya, osha vumbi, na loweka ukuta. Ukuta mkavu hunyonya maji ya plasta kabla simiti haijashika. Rusha tabaka jembamba la kwanza, likwaruze, na kesho yake weka la pili. Usipite sentimita 1.5 kwa mara moja. Sawazisha kwa rula ya mbao kutoka plasta nzee kwenda nzee.

Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja hivi. Simiti iliyoanza kukauka usiiongezee maji ili kuifufua. Itakaa vizuri leo, lakini haitakuwa na nguvu.

Kisha jambo linalosahauliwa kuliko yote: mwagilia kiraka asubuhi na jioni kwa siku 7, na kama jua ni kali kifunike kwa magunia yaliyoloweshwa. Simiti haipati nguvu kwa kukaushwa. Inapata nguvu kwa kukaa na maji, na inaendelea kukomaa hadi siku ya 28 na kuendelea. Rangi isubiri.

Kama shida ni unyevu unaopanda kutoka chini, usiufunike kwa rangi ya mafuta wala vigae. Maji yatapanda juu zaidi kutafuta mlango wa kutokea. Chimba mtaro wa kokoto nje, punguza udongo, na acha ukuta utoe unyevu.

Kwa wasomaji wa Pwani tunaongeza neno. Nyumba za zamani za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa huruhusu unyevu kutoka na hutii mwendo wa ukuta. Plasta ya simiti juu ya ukuta kama huo huleta shida ile ile iliyompata mama yetu. Chokaa kipimo 1 kwa mchanga 3 ndiyo dawa yake, hata kama hukomaa polepole. Lakini chokaa huunguza macho na ngozi. Vaa glavu, kinga macho, na watoto wakae mbali.

DARI

Dari, au silingi kama wengi tunavyoiita, inahitaji tahadhari zaidi kwa sababu iko juu ya vichwa vyetu.

Ukiona dari ya ubao au ya jipsamu imevimba kama tumbo, kuna maji juu yake. Toa watu na vitanda chumbani. Zima umeme kwenye swichi kuu. Weka ndoo, simama pembeni, na toboa tundu dogo ili maji yatoke taratibu. Usingoje ianguke yenyewe usiku.

Baada ya kuziba paa na kungoja pakauke, kata sehemu iliyooza iwe mraba, kutoka mbao hadi mbao, ili kipande kipya kipate pa kupigiliwa. Jipsamu ikatwe kwa ukubwa ule ule, ifungwe kwa skrubu, viungio vipakwe ute wake juu ya utepe, kisha isuguliwe. Tazama pia kama popo au panya wamehamia humo juu. Mkojo wao hufanya alama zinazofanana na za mvua.

Kama dari ni plasta iliyo chini ya zege, igonge kwa mpini mrefu wa ufagio, ukisimama pembeni na kofia ngumu kichwani. Inayolia utupu ishushwe yote. Kiraka cha juu kiwe chembamba, chini ya sentimita 1 kwa kila tabaka, maana kizito kitadondoka. Lakini ukibandua ukakuta chuma chenye kutu, simama hapo. Kutu huvimba, na ndiyo iliyosukuma plasta. Mwite mtu aliyesomea ujenzi akague zege lenyewe.

Nyumba na shule nyingi za zamani zina dari au paa la asbesto, yale mabamba ya kijivu. Usiyakate, usiyatoboe, usiyasugue. Vumbi lake huleta magonjwa ya mapafu, pamoja na kansa, miaka mingi baadaye. Kanuni za usimamizi wa taka za Kenya za mwaka 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari. Ulizeni ofisi ya NEMA kabla ya kuigusa. Hali kadhalika, rangi kuukuu za mafuta nyingi zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Usizisugue zikiwa kavu. Zilowesheni kwanza, na watoto wasiwe hapo.

PALE AMBAPO PLASTA NI UWONGO

Kuna nyufa ambazo kuziziba ni kujidanganya au kuwadanganya wapangaji. Ufa unaopitisha mwanga. Ufa uliozidi milimita 5 na unaendelea kupanuka. Ukuta ulioinama ukiupima kwa timazi. Milango iliyoanza kukwama yote kwa pamoja. Nguzo ya ghorofa iliyopasuka.

Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Lilikuwa limekwisha kuorodheshwa kati ya majengo ya kubomolewa, na bado watu walikuwa wamepanga humo. Ukiona mwenye nyumba analeta fundi kupaka plasta na rangi juu ya ufa unaokua, usifurahie rangi. Piga picha ya ufa pamoja na tarehe, waambie wapangaji wenzako, na mpeleke habari pamoja kwa ofisi ya kaunti inayokagua majengo. Mtu mmoja hufukuzwa. Watu ishirini husikilizwa.

YULE MAMA NA YULE FUNDI

Tuliporudi, tulimwomba fundi aje. Alikuja akiwa na hasira, na alikuwa na haki. Tulimwonyesha udongo uliolowa, naye akatuonyesha jambo ambalo hatukuliona: bati la upande ule lilikuwa fupi, na maji yote yalikuwa yanamwagika juu ya ukuta. Mama akamwambia, "Fundi, nisamehe. Nilikuita mwizi mbele ya watu." Fundi akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Na mimi nilipaswa kukuambia kwamba nyumba hii haitaki simiti. Lakini nilihitaji kazi."

Waliongeza mabati 2, wakachimba mtaro. Plasta iliyolegea ikaondolewa. Ukuta uliachwa wazi wiki 5 ukakauka. Jumamosi mbili wanachama wa kikundi walikuja na majembe na ndoo, na nyanya jirani ndiye aliyekuwa msimamizi. Alikataa udongo wa kwanza, akakataa wa pili, akakubali wa tatu. Pesa zilizotoka zilikuwa za mabati na misumari tu. Vuli ilipopita, tulienda tukagonga ukuta ule kila mahali. Ulitoa sauti nzito. Watoto wamerudi kulala chumbani mwao.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba zetu, ni ukuta gani huharibika kila mwaka? Maji yake hutoka wapi?
2. Ni nani kijijini anayejua udongo mzuri unapopatikana? Tumemwuliza lini mara ya mwisho?
3. Tunapomwajiri fundi, je, tunampa nafasi ya kutuambia ukweli hata kama hatutaki kuusikia?
4. Je, kikundi chetu kinaweza kutenga Jumamosi mbili baada ya mvua, tukarekebisha nyumba moja moja kwa zamu, tukianza na ya mzee au mgonjwa?

Jadilianeni, halafu mzunguke nyumba zenu na penseli. Tutaonana katika toleo lijalo.